Kazi katika Meli za Kitalii za Visiwani: Njia Halali Huanzia Nyumbani

Kila mwaka, pepo za kaskazi zinapovuma, meli kubwa za kitalii huonekana katika Bahari ya Hindi zikizunguka visiwa vya Shelisheli, Morisi, Reunion, Madagaska, Komoro na Zanzibar. Baadhi yake hutia nanga pia katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Picha za meli hizo huwafikia vijana wa Michenga, Lumemo na Kibaoni kupitia simu za mkononi, zikionesha mabwawa ya kuogelea juu ya sitaha, meza zilizosheheni vyakula na wahudumu waliovalia sare nyeupe. Mara nyingi picha hizo huandamana na ujumbe unaotangaza nafasi za kazi melini, mshahara mnono, na namba ya kutuma fedha ya kushikia nafasi.

Kazi katika meli hizo ni kazi halisi, na wapo watu kutoka nchi nyingi wanaosomesha watoto na kujenga nyumba kwa kipato chake. Hata hivyo, umbali wa takriban kilometa 400 kati ya Ifakara na bahari huwapa nafasi watu wanaouza wasichokuwa nacho. Familia inayouza magunia ya mpunga au kiwanja ili kumlipa mtu anayejiita wakala inaweza kupoteza mavuno ya msimu mzima kwa ahadi isiyokuwapo. Makala haya yanaeleza jinsi safari za anasa za visiwani zinavyoendeshwa, ni kazi gani zilizomo, sheria inasema nani alipe nini, na hatua zipi mwananchi anaweza kuzianza akiwa hapa hapa Ifakara.

Meli ya kitalii na safari yake

Meli ya kitalii hutofautiana na meli ya mizigo na pia na boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja. Abiria wa boti hulipa nauli ili afike aendako. Abiria wa meli ya kitalii hulipia maisha ya siku kadhaa ndani ya chombo chenyewe: kabini ya kulala, milo, michezo, muziki na burudani. Meli humpeleka kutoka kisiwa hadi kisiwa, aghalabu ikisafiri usiku na kutia nanga asubuhi. Watalii hushuka kutembea, na jioni meli hung'oa nanga tena. Hapa Tanzania wageni hao huzuru Mji Mkongwe wa Zanzibar, mashamba ya viungo na msitu wa Jozani. Wachache hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha hurejea melini.

Msimu wa safari hizo katika visiwa vyetu huangukia zaidi kati ya Novemba na Aprili, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini kuna baridi na wenye uwezo hutafuta jua. Msimu unapokwisha, meli nyingi huhamia bahari nyingine. Kwa sababu hiyo mfanyakazi wa meli ya kitalii haajiriwi kwa bandari moja. Mkataba wake unaweza kuanzia Cape Town, ukapita Zanzibar na kumalizikia katika Bahari ya Mediterania.

Ukubwa wa vyombo hivi ni vigumu kuukadiria kwa picha. Meli iitwayo Norwegian Dawn, ambayo ilitia nanga Dar es Salaam Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 294. Daraja la Magufuli linalovuka Mto Kilombero lina urefu wa mita 384. Lau meli hiyo ingelazwa juu ya daraja hilo, ingechukua zaidi ya robo tatu ya urefu wake. Mwezi Februari mwaka huo huo, ikiwa katika safari ya kutoka Afrika Kusini kwenda Morisi, ilikuwa na abiria 2,184 na wafanyakazi 1,026. Hiyo ni sawa na mfanyakazi mmoja kwa kila abiria wawili, na ndiyo sababu kampuni za meli hutafuta watu wa kazi kila mwaka.

Nani hufanya kazi humo

Wafanyakazi wa meli ya kitalii hugawanyika katika idara kuu tatu. Idara ya sitaha ina nahodha, maofisa wake na mabaharia wanaoendesha meli, kufunga kamba bandarini, kupaka rangi na kutunza mashua za kuokolea. Idara ya mitambo ina wahandisi, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji na mafundi wa mitambo ya ubaridi. Idara ya tatu, ambayo ni kubwa kuliko zote, ni ya hoteli. Humo wamo wapishi, waoka mikate, waosha vyombo, wahudumu wa mezani, wasafishaji wa kabini, wafuaji, watunza ghala, makarani wa mapokezi, wasusi, wanamuziki na wauguzi.

Mgawanyo huu una maana kwa kijana anayefikiria kazi ya meli. Watu wengi hudhani kwamba ni lazima kwanza wawe mabaharia, ilhali sehemu kubwa ya nafasi ni za kazi zinazofanyika pia nchi kavu. Anayejua kuoka mkate wa watu 200 bila kuuharibu, au kutengeneza jokofu kubwa la hoteli, tayari ana kitu ambacho meli inakihitaji. Asiye na ujuzi wowote ndiye anayelazimika kutegemea maneno ya wakala.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, kila aliyeajiriwa kufanya kazi yoyote ndani ya meli huhesabiwa kuwa baharia. Mwosha vyombo na msusi wanalindwa na mkataba huo sawasawa na msaidizi wa nahodha. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwezi Aprili 2019.

Upande wa pili wa anasa

Anasa ya abiria hutokana na kazi ya watu wengi wasioonekana. Meli haifungi jikoni Jumapili wala sikukuu. Wafanyakazi wengi wa idara ya hoteli hufanya kazi siku zote za wiki kwa muda wote wa mkataba, ambao aghalabu huwa wa miezi sita hadi tisa. Hulala wawili au zaidi katika kabini ndogo zilizo sitaha za chini. Harusi na misiba ya nyumbani huwapita wakiwa baharini, na intaneti ya meli huweza kuwa ghali au ya kusuasua.

Mkataba wa kimataifa umeweka mipaka ya kazi hiyo. Saa za kazi zisizidi 14 katika saa 24, wala 72 katika siku saba. Au saa za mapumziko zisipungue 10 katika saa 24, wala 77 katika siku saba. Mshahara ulipwe angalau mara moja kwa mwezi, pamoja na taarifa ya maandishi inayoonesha makato. Likizo yenye malipo isipungue siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa kazi. Matibabu ya mfanyakazi akiwa melini ni wajibu wa mwenye meli. Mkataba unapokwisha, nauli ya kumrudisha nyumbani hulipwa na mwenye meli, na ni marufuku kumtaka mfanyakazi atangulize fedha kwa ajili ya nauli hiyo.

Kuhusu mshahara, kipo kipimo kinachosaidia kutambua ahadi za uongo. Kima cha chini cha mshahara wa msingi kilichokubaliwa katika Shirika la Kazi Duniani kwa baharia mwenye ujuzi kilikuwa dola za Marekani 673 kwa mwezi kuanzia Januari 2025. Kiwango hicho kinahusu mabaharia wa sitaha wenye vyeti, na malipo ya idara ya hoteli hupangwa na kampuni, wakati mwingine yakichanganywa na bakshishi. Tangazo linalomwahidi kijana asiye na cheti mshahara wa dola 3,000 kwa kuosha vyombo linapaswa kumshtua badala ya kumfurahisha.

Kwa nini mafunzo ya usalama hayakwepeki

Tarehe 27 Februari 2012, meli ya kitalii iitwayo Costa Allegra ilikuwa ikisafiri kutoka Madagaska kwenda Shelisheli ikiwa na abiria 636 na wafanyakazi 413. Moto ulizuka katika chumba cha majenereta. Wafanyakazi wenyewe waliuzima, na hakuna aliyepoteza maisha. Lakini meli ilibaki bila umeme wa kuendesha mitambo yake, ikielea katika bahari yenye joto kali, bila viyoyozi wala majiko. Meli ya uvuvi ya Ufaransa ndiyo iliyoivuta hadi kisiwa cha Mahé, ambako ilifika tarehe 1 Machi. Kwa siku hizo tatu, wahudumu waliozoea kubeba sinia ndio waliowatuliza abiria na kuwagawia chakula kisichohitaji moto.

Tukio la pili ni la Februari 2024. Mamlaka za Morisi ziliizuia kwa muda meli ya Norwegian Dawn isiingie bandarini kwa hofu ya kipindupindu, baada ya baadhi ya abiria kuumwa tumbo. Vipimo vilionesha kwamba hakukuwa na kipindupindu, na abiria waliruhusiwa kushuka. Hata hivyo, safari ya maelfu ya watu ilikwama kwa sababu ya maradhi ya tumbo ya watu wachache. Usafi wa mikono na wa jikoni, ambao wananchi wa bonde la Kilombero hukumbushwa kila msimu wa mafuriko, katika meli ni sharti la ajira.

Kwa sababu kama hizo, mabaharia hupewa mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa kimataifa. Mafunzo hayo yana sehemu nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na kuishi na wenzako melini. Huongezewa elimu ya ulinzi wa meli, na kwa meli za abiria, namna ya kuongoza umati wakati wa dharura. Hapa nchini, Chuo cha Bahari Dar es Salaam ni chuo cha Serikali kinachotoa mafunzo ya ubaharia.

Wakazi wa bonde hili wanaijua thamani ya mafunzo hayo. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, watu walivuka Mto Kilombero kwa kivuko, na ajali ya kivuko ya Januari 2016 haijasahaulika. Kijana wa Kindamba aliyekulia katika mtumbwi ana ujasiri wa maji, na huo ni mwanzo mzuri. Pamoja na ujasiri huo, meli humtaka ajue kuvaa jaketi la kuokolea gizani, kushusha mashua na kuhesabu watu waliomo.

Nani hulipa nini

Kipengele muhimu kuliko vyote kwa familia za Ifakara ni hiki: kwa mujibu wa Mkataba wa Kazi za Mabaharia, wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mwombaji fedha yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ili kumtafutia au kumpa kazi melini. Gharama ya kumtafuta mfanyakazi ni ya mwenye meli, kwa kuwa ndiye mwenye shida ya mfanyakazi.

Mwombaji anaweza kugharimia mambo matatu tu katika mchakato wa kuajiriwa. La kwanza ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria za nchi. La pili ni kitabu cha baharia. La tatu ni pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayofanana nayo. Gharama za viza ni za mwenye meli. Ada ya masomo ya ufundi au ya ubaharia ni jambo tofauti: hulipwa chuoni kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo chenyewe, na stakabadhi hutolewa. Haipitii mkononi mwa wakala.

Kwa hiyo malipo yanayoitwa "ada ya usajili", "fedha ya kushikia nafasi", "ya kumwona bosi", "ya mkataba" au "ya tiketi utakayorudishiwa" hayana msingi katika mkataba huo. Aliyeombwa malipo ya namna hiyo hapaswi kujadiliana apunguziwe. Anapaswa kuacha.

Mawakala wanaotafutia watu kazi hapa nchini hutakiwa kuwa na leseni. Kwa upande wa ubaharia, msimamizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa upande wa Zanzibar, jukumu hilo liko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kazi nyingine za nje ya nchi husimamiwa na wizara yenye dhamana ya kazi. Mwananchi ana haki ya kumuuliza wakala namba ya leseni yake, kisha kuithibitisha kwenye ofisi inayoitoa, wala si kwa wakala mwenyewe.

Hatua ambazo mwananchi anaweza kuzianza Ifakara

Sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika karibu na nyumbani na kwa gharama inayojulikana. Mpangilio ufuatao humsaidia mwombaji asitumie fedha kabla ya wakati.

Kwanza, vitambulisho. Cheti cha kuzaliwa cha RITA hushughulikiwa katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambaye ndiye msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Kitambulisho cha Taifa hutolewa na NIDA, na usajili wa mara ya kwanza haulipiwi. Majina na tarehe ya kuzaliwa yafanane katika nyaraka zote, pamoja na vyeti vya shule, kwani tofauti ya herufi moja huweza kuchelewesha pasipoti. Barua ya utambulisho hupatikana kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata. Mkazi wa Michenga huanzia ofisi ya kata yake.

Pili, ujuzi. Kabla ya kufikiria bahari, kijana ajiulize ni idara ipi ya meli ingemhitaji. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara na Chuo cha VETA Mikumi hutoa mafunzo ya stadi za kazi. Kwa wanaolenga huduma za hoteli na utalii, Chuo cha Taifa cha Utalii ni cha Serikali na kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Baada ya chuo, mwaka mmoja au miwili ya kazi katika hoteli au karakana yenye jina humpa mwombaji barua ya uzoefu, ambayo kampuni nyingi za meli huitaka.

Tatu, lugha. Kiingereza ndiyo lugha ya kazi katika meli nyingi za kitalii, na pia ndiyo lugha ya amri za dharura. Usaili hufanyika kwa Kiingereza, mara nyingi kwa njia ya video. Anayeweza kusoma na kuzungumza bila kumtegemea mkalimani hawezi kudanganywa kirahisi kuhusu yaliyoandikwa katika mkataba wake.

Nne, pasipoti na cheti cha tabia njema. Maombi ya pasipoti huanzia katika mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Uhamiaji, na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Cheti cha tabia njema hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole.

Tano, afya na mafunzo ya usalama. Uchunguzi wa afya ya baharia hufanywa na daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri majini, na cheti chake hudumu kwa muda usiozidi miaka miwili. Kwa hiyo hakuna faida ya kukikata mapema kabla ya kuwa na ujuzi na pasipoti. Kabla ya kulipia mafunzo ya msingi ya usalama, mwombaji aulize TASAC ni vyuo gani vinavyotambuliwa, na aiulize kampuni anayoomba kama inataka cheti hicho mapema au hutoa mafunzo yenyewe.

Sita, maombi. Kampuni za meli hutangaza nafasi katika tovuti zake na hutaja mawakala wake katika kila nchi. Nchi ambayo wakala hatajwi humo haina wakala wa kampuni hiyo, hata kama kuna mtu mwenye fulana yenye nembo yake.

Umri nao uangaliwe. Mkataba wa kimataifa unakataza kumwajiri melini mtu aliye chini ya miaka 16, na wenye chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kufanya kazi za usiku. Kampuni nyingi za meli za abiria hutaka waombaji waliotimiza miaka 18, na nyingine 21. Anayetaka kumchukua mwanafunzi wa sekondari kumpeleka "melini" hana nia njema.

Kabla ya kusaini

Mfanyakazi ana haki ya kupewa mkataba wa maandishi, kuusoma na kuomba ushauri kabla ya kuusaini, na kubaki na nakala yake. Mkataba utaje jina la mwajiri na anwani yake, kazi atakayofanya, mshahara, likizo, muda wa kazi, matibabu na haki ya kurudishwa nyumbani. Jina la meli na bendera yake ni mambo ya kuuliza pia. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa katika nchi kama Bahamas, Panama au Malta, na sheria za nchi ya bendera ndizo zinazotumika ndani ya meli. Mwenye kazi halali huyajua yote hayo na huyasema bila kusitasita.

Familia nayo ibaki na nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, jina la meli na namba za simu za mwajiri na wakala. Pasipoti ni mali ya Serikali iliyokabidhiwa kwa mwenyewe. Wakala hana haki ya kuizuia ili kumlazimisha mtu alipe au asafiri. Anayemsafirisha mtu kwa ulaghai ili kumtumikisha anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Dalili za kutilia shaka si nyingi, na zinatosha kukaririwa: malipo yanayotakiwa kwa namba binafsi ya simu, haraka isiyoruhusu kuuliza, usaili usiouliza ujuzi wowote, viza ya utalii badala ya viza ya kazi, safari inayopita nchi nyingine "kusubiri meli" bila tarehe, na katazo la kuwaambia wazazi au mtendaji. Ikionekana moja, mwananchi asimame na kuuliza. Zikionekana mbili, atoe taarifa polisi akiwa na ujumbe wa simu na stakabadhi za muamala, asivifute.

Ujuzi haupotei

Wapo watakaojiandaa vema na bado wasiitwe. Ushindani ni mkubwa: Ufilipino, India na Indonesia hutoa wafanyakazi wengi wa meli za kitalii na zina mifumo iliyozoeleka. Meli zenyewe hutegemea amani na afya ya dunia. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha safari za kitalii baharini, na wafanyakazi wengi walikaa melini kwa miezi kadhaa bila njia ya kurudi kwao.

Ndiyo maana ujuzi unatangulizwa. Mpishi aliyefundishwa vizuri, fundi wa ubaridi au mhudumu anayezungumza Kiingereza huhitajika pia nchi kavu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ipo ndani ya eneo letu, na wageni huja Mang'ula na Sanje kuona maporomoko yenye urefu wa mita 170 na nyani wasiopatikana mahali pengine duniani. Barabara ya lami kati ya Kidatu na Ifakara imepunguza adha ya safari, na treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 imesogeza jiji karibu. Mgeni wa Udzungwa naye anahitaji chakula safi, kitanda kilichotandikwa vema na mtu wa kumwelekeza njia.

Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaopenda kujiajiri katika huduma hizo wanaweza kuunda vikundi na kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Maofisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo ya kusajili kikundi na kuandaa andiko la mradi. Mikopo hiyo ni ya miradi ya vikundi na haitumiki kumlipa wakala wa ajira.

Mwananchi aliyepokea tangazo la kazi ya meli na hana hakika nalo anashauriwa kulipeleka, likiwa na namba zake zote, kwa Mtendaji wa Kata au Ofisa Maendeleo ya Jamii kabla ya kutuma fedha. Ofisi hizo hazitoi kazi za meli, lakini zinaweza kumsaidia kuwasiliana na mamlaka inayohusika na kupata jibu. Kuuliza katika ofisi ya kata hakulipiwi, na huweza kuokoa mavuno ya msimu mzima.